Safari ya Kutafuta Ua la Kichaka cha Kisimani

Tangu nirudi Voi, kila anayekuja kunisalimia huniuliza swali lile lile: ilikuwaje mwalimu mzima akapoteza wiki kusini mwa pwani kwa sababu ya ua moja? Nimelijibu kwa vipande, huyu kipande hiki na yule kile, mpaka mimi mwenyewe nimeanza kuchanganya lipi lilitangulia. Basi nimeyaandika yote hapa, kwa ajili yenu mliouliza. Mkiona mahali sielewi, jueni kwamba hata wakati ule sikuelewa.

Voi hadi Msambweni

Aliyeniita ni Mwanakombo. Tulifundisha pamoja miaka kumi na mmoja, yeye Kiswahili na dini, mimi sayansi, na tangu astaafu na kurudi kwao Msambweni tumekuwa tukijuliana hali kwa simu kila Ijumaa. Safari hii alipiga Jumapili, na hakuuliza hali. Alisema, "Mkawasi, wewe mimea unaijua. Njoo unisemee."

Nilidhani ni minazi yake imeingiwa na wadudu. Jumatatu nikaondoka na begi dogo, lenzi yangu ya mkono, daftari la kuchorea na magazeti ya kukaushia majani. Basi letu liliharibika Mariakani, tukakaa kando ya barabara saa tatu nzima. Abiria mwenzangu, mama aliyekuwa akipeleka machungwa, aliona magazeti yale akadhani nauza, akaniomba moja la kufungia. Nilimpa. Nilipofika Msambweni ilikuwa alasiri, na Mwanakombo alikuwa ameniwekea wali wa nazi na samaki changu wa kupaka, lakini hakuniacha nimalize. Alinishika mkono akanipeleka shambani.

Mambo yalikuwa hivi. Marehemu baba yao alikuwa na wake wawili, na shamba lake aliligawanya sehemu mbili kabla hajafa. Upande wa nyumba kubwa alimpa mwanawe Hamisi, upande wa nyumba ndogo alimpa Mwanakombo. Katika karatasi aliyoiandika kwa mkono alisema mpaka ni "vile vichaka vya maua ya manjano". Hakusema zaidi. Miaka imepita, na vichaka vingi vimekufa. Kimebaki kimoja karibu na kisima, na upande wa pili, kando ya barabara, kuna safu ya vichaka vya aina nyingine vyenye maua ya manjano. Katikati ya hapo na pale kuna kisima chenyewe, minazi saba na kaburi la mama yake Mwanakombo.

Hamisi alisema mpaka ni kile cha kisimani, na kwa hiyo vyote hivyo viko upande wake. Mwanakombo alisema haiwezekani, kwa kuwa anakijua tangu utotoni na maua yake ni ya zambarau. Wazee wa mtaa walikuwa wameshatoa neno lao: vichaka vya barabarani vinaonekana ni vya juzi, lakini ikithibitika kwamba cha kisimani ni cha zambarau, hapatakuwa na kingine cha kutegemea ila hivyo vya barabarani. Watakutana Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri, na baada ya hapo mpima ardhi ataweka kigingi.

"Hamisi ananiita mwongo mbele ya watu," Mwanakombo aliniambia. "Kaka yangu wa baba mmoja. Nami nimeyashika maua yale kwa mikono yangu."

Nikamwuliza kwa nini tusingoje kichaka kichanue. Akanionyesha. Kilikuwa kimekatwa hadi usawa wa goti wakati wa kusafisha shamba, na machipukizi yake yalikuwa na majani tu. Jani lenyewe lilikuwa moja lililochanika katikati, limekuwa pande mbili kama ukwato wa mbuzi. Chini ya takataka nilipata tawi kavu lenye maganda mawili ya mbegu: bapa, marefu kama kidole changu cha kati, yenye vinyweleo laini kama ngozi ya ndama. Hapo nikajua ni jamii ya kunde. Zaidi ya hapo sikujua kitu.

Nilimpelekea picha mwanafunzi wangu wa zamani anayefanya kazi na mimea iliyokaushwa huko Nairobi. Akajibu kwa adabu kwamba vichaka vya majani kama hayo viko vya maua meupe, ya manjano, ya waridi na ya zambarau, na kwa jani peke yake hawezi kuapa. Akataka nimtafutie ua na ganda kutoka kichaka kimoja.

Diani

Jumanne asubuhi, baada ya mahamri na mbaazi, nilikwenda Diani, kwa kuwa Mwanakombo alikumbuka kuona majani ya kwato kwenye bustani ya hoteli moja. Mlinzi hakuniruhusu kuingia mpaka nieleze nimemfuata nani. Nikasema nimefuata ua. Akaniita mama wa maua, akampigia mtu simu, na baada ya muda mrefu akaja mwanamke mmoja akiniuliza kama mimi ndiye fundi wa kupamba ukumbi wa harusi. Kabla sijakataa vizuri nilikuwa nimeshaonyeshwa ukumbi na kuulizwa nitahitaji vitambaa vya rangi gani.

Aliyeniokoa ni mtunza bustani, kijana wa bara aliyeniita mathe. Alinipeleka nyuma ya jikoni na kunionyesha mti mrefu uliojaa maua makubwa ya zambarau na majani ya kwato. "Ni huu tu, mathe," alisema. "Hii kitu haina manjano, mimi huifagia kila siku."

Nilichukua ua, nikachukua jani, nikawa nimeshamwandikia Mwanakombo nusu ya ujumbe. Kisha nikaokota ganda. Lilikuwa refu kama kigasha cha mkono wangu kasoro kidogo, jeusi, limenyooka na laini kama kioo. Nilitoa yale mawili kutoka kisimani nikayaweka kando yake. Hata mtunza bustani aliona kwamba hawa si ndugu wa karibu. Nikafuta ujumbe.

Kwale

Mtunza bustani alisema miche ya kienyeji hupatikana Kwale mjini, kule juu mlimani. Jumatano nikapanda. Nilipofika sikujua jina la kichaka, na majina niliyopewa Msambweni yalikuwa matatu, kila nyumba na lake. Nikaona bora nimweleze mwendesha bodaboda kwa umbo. Nikamwambia natafuta kwato za mbuzi.

"Hapo umefika," akasema, na kwa uhakika mkubwa akanipeleka kwenye kibanda chenye sufuria kubwa ya supu.

Mwenye kibanda aliitwa Mbeyu, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Aliniwekea bakuli la miguu ya mbuzi, ndimu na pilipili, kabla sijaketi sawasawa. Nilikuwa na njaa, na sikuona namna ya kueleza, nikala. Ilikuwa supu nzuri kupita zote nilizokunywa mwaka huu. Nilipomaliza nikatoa jani kutoka daftarini, nikamwambia kwato nilizokuwa nikitafuta ni hizi. Mbeyu alilitazama, akacheka polepole mpaka akajifuta macho kwa kanga.

Kwenye bustani ya miche nilikopelekwa baadaye, palikuwa na kichaka kimoja tu chenye majani hayo, nacho kilikuwa na ua jeupe pe. Sasa nilikuwa nimepata zambarau isiyo yenyewe na nyeupe isiyo yenyewe. Nilirudi kibandani kuaga nikiwa nimechoka, nikamwambia Mbeyu kwamba naona hata sijui ninachotafuta. Akasema mama yake mzazi, Bi Umazi, anafuga mbuzi nje kidogo ya Lunga Lunga, na mbuzi wake wanakula majani kama haya kila siku. Akampigia simu, akaongea naye kwa Kiduruma kwa muda, kisha akaniambia niende kesho, mapema.

Lunga Lunga

Mapema haikuwezekana. Alhamisi hiyo malori yalikuwa yamepanga mstari tangu mbali kabla ya mpaka wa Tanzania, na lori moja lilikuwa limekaa upande barabarani. Nilishuka nikatembea. Bi Umazi alikuwa amekwisha kunisubiri, akaenda, akarudi, akakaa tena. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kuniuliza habari za watu wote wa Voi kana kwamba anawajua.

Kiswahili chake na changu havikukutana vizuri. Nilimwonyesha jani na ganda, akatikisa kichwa kuwa ndiyo, ndicho. Nikamwuliza rangi ya ua.

"La asubuhi manjano," akasema. "La jioni zambarau."

Nikaandika: aina mbili, moja huitwa ya asubuhi, nyingine ya jioni. Nikamwuliza hii ya ganda langu ni ipi, ya asubuhi au ya jioni. Akanitazama kwa huruma. Akarudia maneno yale yale, polepole zaidi, kama anavyosemeshwa mgonjwa. Nikamwuliza kama aina hizo mbili huota pamoja. Akasema huota pamoja, sana. Nikamwuliza mtu anazitofautishaje kama hakuna maua. Bi Umazi akainuka akanipikia chai.

Vichaka vyake vyote mbuzi walikuwa wamevimaliza, hapakuwa na chipukizi refu kuliko kidole. Lakini alisema binti yake mwingine, Saumu, ameolewa Kibuyuni, na nyuma ya nyumba yake kuna kimoja kinachochanua sasa hivi, kwa kuwa pale hakuna mbuzi. Alinifungia mihogo ya kuchemsha kwenye karatasi nile njiani. Aliponisindikiza alimwambia mwendesha bodaboda jambo ambalo sikulisikia, naye njia nzima akawa ananisemesha kwa sauti kubwa kama mtu asiyesikia.

Kibuyuni

Kutoka njia panda ya Shimoni hadi kwa Saumu nilifika saa kumi na moja jioni. Alikuwa akikusanya mwani uliokuwa umeanikwa kwenye vichanja, mikono imekauka kwa chumvi. Hakuniuliza mengi, mama yake alikuwa ameshampigia. Akaninyooshea kidole nyuma ya nyumba.

Kilikuwepo. Kirefu kuliko mimi, matawi membamba yanayoinama, majani ya kwato, na maganda yale yale yenye vinyweleo. Niliyaweka yangu kando yake, sikuona tofauti hata kwa lenzi. Na maua yalikuwa yananing'inia kila tawi, yamelegea kidogo, rangi ya zambarau iliyochujuka, kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi.

Nilipiga simu papo hapo. Mwanakombo alipopokea nilimwambia, "Ni zambarau. Nimeliona, nimelishika."

Akasema alhamdulillahi, na nikasikia analia. Alisema atawapelekea wazee habari usiku huo huo.

Nilikula kwa Saumu ugali na pweza, nikalala usingizi mzito. Ijumaa alfajiri, kabla Saumu hajashuka ufukweni, nilitoka na daftari nichore vizuri. Nikaenda nyuma ya nyumba. Palikuwa na kichaka chenye majani yaliyojikunja pande mbili zimeshikana, kama vitabu vilivyofungwa, na maua ya manjano.

Nilidhani nimepotea. Nilizunguka nyumba nzima nikitafuta kichaka changu. Nilirudi, nikazunguka tena kwa upande wa pili. Saumu alinikuta nimesimama na penseli, akauliza nimepoteza nini. Nikamwuliza kichaka cha jana kiko wapi. Akasema, "Si hicho, mwalimu?"

Chini yake, mchangani, yalikuwa yamelala maua ya zambarau. Juu yalikuwa ya manjano, mapya, kama kengele zinazotazama chini, petali tano zimepandana, na ndani ya moja doa la rangi ya damu iliyoganda. Niliketi. Maneno ya Bi Umazi yalinirudia, na nikaona aibu kwa yale maswali yangu yote.

Hata hivyo, sikutaka kuamini tena kwa haraka. Nilifunga uzi mwekundu kwenye kikonyo cha ua moja nikakaa nalo siku nzima. Niliandika kila nilichokiona: jani, urefu wa kikonyo, vinyweleo, namna majani yanavyofunguka jua linapopanda. Saa tano lilikuwa manjano bado. Saa nane kingo zilianza kuwa nyekundu nyekundu. Saa kumi lilikuwa limelegea. Saumu alirudi na mwani wake, akapita akitazama uzi. Saa kumi na moja lilikuwa zambarau.

Simu ilikuwa mfukoni siku nzima. Mwanakombo alipiga mara mbili. Sikupokea. Sikujua niseme nini, na nilijiambia kwamba jambo kama lile halisemwi kwa simu. Kweli ni kwamba niliogopa.

Kurudi Msambweni

Jumamosi nilifika kwake saa nne. Alikuwa amevaa buibui jipya na amepika biriani ya wageni. Nilimwomba tuketi chumbani, nikamweleza yote, nikamwonyesha maua niliyoyakausha, la alfajiri na la jioni.

Aliyatazama kwa muda mrefu. "Kwa hiyo Hamisi amesema kweli," akasema.

"Amesema kweli. Nawe pia umesema kweli."

"Mpaka hauwezi kufuata kweli mbili." Alisimama akafunga mlango, ingawa hapakuwa na mtu nje. "Alhamisi uliniambia ni zambarau. Ulikuwa umeliona. Si uongo kusema ulichokiona Alhamisi. Sema hilo tu."

Jamani, nilifikiria. Nilifikiria sana, kwa sababu mama yake aliyelala katika kaburi lile nilimfahamu, aliwahi kuja Voi akanisukia mkeka. Na kweli nisingesema uongo. Ningesema nilichokiona saa kumi na moja jioni, basi, na nani angeniuliza kuhusu asubuhi?

Nilimwambia, "Nitasema yote, na ukitaka nisiseme, nitaondoka sasa hivi nisiseme lolote." Akafungua mlango akaenda kupakua chakula.

Walikuja baada ya sala, wazee watatu wa mtaa, na Hamisi. Nilikuwa sijawahi kumwona karibu. Alikuwa mzee kuliko nilivyofikiria, mwembamba, kofia yake imefuliwa mpaka nakshi zimefifia. Nilimpa shikamoo. Mmoja wa wazee akasema wameshasikia kwamba ua ni zambarau, na wangependa walisikie kwa mdomo wangu. Nilimtazama Mwanakombo. Alikuwa akitazama mkeka.

Nikafungua daftari nikasoma kila kitu tangu mwanzo, jani, ganda, doa, saa kwa saa. Nikawapa yale maua wayashike. Nilisoma mpaka saa kumi na moja, nikamaliza.

Nilingoja Hamisi afurahi. Hakufurahi. Alishika ua la jioni, akaligeuza, akamwuliza dada yake, "Wewe maji ulikuwa ukiteka saa ngapi?"

"Jioni," Mwanakombo akasema. "Baada ya shule. Mama alikuwa hataki tuende asubuhi."

"Nasi mama alikuwa hataki tuende jioni," Hamisi akasema. "Alfajiri, tumalize, turudi." "Hawakutaka kukutana kisimani."

Hakuna aliyeuliza ni akina nani. Hata mimi nilijua anawasema wake wenza wawili, mama yake na mama yake Mwanakombo, waliogawana kisima kwa saa kama mume wao alivyogawanya shamba.

"Miaka miwili nimekuita mwongo," Hamisi akamwambia dada yake. "Unisamehe."

Mwanakombo aliinamisha kichwa, hakusema amesamehe wala hajasamehe. Wazee walisema walichopaswa kusema: mpaka ni kichaka cha kisimani. Hamisi akakubali, kisha akaomba iandikwe kwamba kisima ni cha nyumba zote mbili, na kwamba kutoka upande wa Mwanakombo hadi kwenye kaburi kutaachwa njia ya upana wa jeneza, isilimwe wala isijengwe. Iliandikwa. Walipotoka, Mwanakombo alikusanya sahani akaziosha mwenyewe, akanikataza kumsaidia.

Jioni ile tulikula bila mazungumzo. Nilijua nimemnyang'anya kitu, na nilijua kwamba sikuwa na haki ya kutaka anifariji.

Asubuhi ya kuondoka

Jumapili niliamka kwa adhana. Kitanda cha Mwanakombo kilikuwa kitupu. Nilitoka uani, sikumwona, nikafuata njia ya shambani nikiwa na wasiwasi.

Alikuwa kisimani. Hamisi naye alikuwepo, na madumu yake mawili ya njano. Hamisi alivuta kamba, ndoo ikapanda, akamimina katika dumu la dada yake kwanza, kisha akaishusha tena. Mwanakombo alishika dumu lisipinduke. Pembeni yao, kichaka kile kilikuwa bado kimefumba majani.

Nilirudi ndani taratibu nikafunga begi langu, nikakaa barazani kumsubiri alete maji ya chai.